Habu na Diski Mpya Kwenye Lori na Pikapu: Dalili, Chanzo na Namna ya Kurekebisha

Habu (kitovu kinachozunguka na gurudumu) na diski ya breki ni mpya, gurudumu limefungwa, gari limeingia barabarani, na kabla pedi (vipande vinavyobana diski) hazijakaa sawa tayari kuna mtetemo, mngurumo au taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki) imewaka. Wazo la kwanza huwa kwamba kipuri ni feki. Vipuri vibovu vipo, lakini kwenye orodha ya vyanzo hukaa karibu na mwisho. Mwanzoni kabisa kuna uchafu ulionaswa kati ya nyuso mbili za chuma, toki (nguvu ya kukazia nati) iliyokisiwa na beringi iliyokazwa kwa mazoea. Kabla ya kurudisha kipuri dukani, pima sehemu kilipokaa.

Kuna habu za aina mbili hapa, na ni lazima ujue yako. Ya kwanza ni ya kipande kimoja: beringi imefungiwa ndani kiwandani, habu inashikwa kwa bolti tatu au nne kwenye nako (chuma kinachobeba gurudumu), na diski inavishwa kwenye stadi (bolti zinazoshika gurudumu) kutokea nje. Ya pili ina beringi mbili za koni, ya ndani na ya nje, zinazokazwa kwa nati kwenye ncha ya ekseli. Hii ni ya malori makubwa na pikapu nyingi za zamani, na mara nyingi diski yake imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, hivyo haitoki bila kutoa habu nzima. Vipimo vilivyotajwa hapa ni vya kawaida. Kitabu cha gari kikisema tofauti, fuata kitabu.

## Kabla ya kugusa

Simamisha gari pa tambarare, weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, na kalisha ekseli kwenye stendi. Jeki ni ya kuinulia tu, na tofali hupasuka bila kutoa onyo. Vumbi la breki lifute kwa spreyi ya kusafishia breki au kitambaa kibichi, usilipulize kwa upepo wa kompresa, kwa sababu pedi za zamani huweza kuwa na asbesto. Kalipa (kifaa kinachosukuma pedi zibane diski) uliyoifungua ifunge kwa waya kwenye springi au chasisi, isining'inie kwa hosi.

Onyo kwa malori ya breki za upepo: chemba ya breki ya maegesho ina springi iliyobanwa yenye nguvu ya kuua. Usifungue bangili wala kifuniko cha chemba hiyo kwa sababu yoyote. Ukihitaji kuachia breki ya ekseli ya nyuma bila upepo, tumia bolti maalumu ya kuibana springi ile, na kama hujawahi kuitumia mwachie fundi wa breki za upepo.

Vifaa vinne ndivyo vinavyotofautisha kupima na kubahatisha: geji ya saa (ya kupimia kuyumba) yenye stendi ya sumaku, mikromita (ya kupimia unene), fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) na spana ya toki.

## Kipuri hakiingii au hakikai

Diski ikigoma kulala bapa kwenye habu, tafuta kwanza vile visahani vidogo vya bati ambavyo kiwanda huvisukumia kwenye stadi ili kushikilia diski wakati gari linaundwa. Havirudishwi, vikate utupe. Kisha tazama kichwa cha parafujo ya diski: kikibaki juu ya uso, hata kidogo, gurudumu litakaa juu yake badala ya kukaa juu ya diski. Mwisho linganisha diski mpya na ya zamani: kipenyo, kina, tundu la katikati na umbali kati ya matundu ya stadi. Kama mapezi ya ndani ya diski yamepinda kuelekea upande mmoja, hiyo ina kushoto na kulia.

Habu ya kipande kimoja isipoingia kwenye nako, tatizo huwa kutu ndani ya tundu. Ondoa sensa ya ABS kwanza, safisha tundu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae, paka mafuta membamba, kisha ivute habu kwa bolti zake ukizungusha zamu kwa zamu, robo mzunguko kila moja. Ukiipiga nyundo usoni unatia makovu kwenye njia ya mipira ya beringi, na mngurumo utausikia safari ya kwanza.

## Usukani au pedali inatetemeka unapokanyaga breki

Hili ndilo lalamiko kuu, na swali la kwanza ni lini lilianza.

Likianza siku ile ile, diski haijakaa sawa, nati za gurudumu zimekazwa ovyo, au diski ina mafuta ya kuzuia kutu ambayo hayakuoshwa. Likianza baada ya kilomita elfu kadhaa, hadithi ni nyingine. Diski inayoyumba kidogo hugusa pedi sehemu ile ile kila mzunguko, hata mguu ukiwa mbali na breki. Sehemu hiyo inalika polepole kuliko macho yanavyoweza kuona. Tofauti ya unene ikikaribia milimita 0.02, pistoni za kalipa zinaanza kusukumwa na kurudi, mafuta ya breki yanarudisha msukumo huo kwenye pedali, na dereva anasema diski "imepinda kwa joto". Mara nyingi joto halikuhusika; diski ilifungwa ikiyumba tangu mwanzo.

Uhakiki rahisi, kwa mpangilio:

1. Je, mtetemo upo hata usipokanyaga breki? Ukiwapo, achana na diski kwanza. Angalia balansi ya tairi, rimu iliyopinda na nati zilizolegea.
2. Inua gari, legeza nati zote za gurudumu, kisha zikaze upya kwa mpangilio wa nyota, kwa awamu mbili au tatu, ukimalizia na spana ya toki. Mashine ya upepo inayokaza nati moja hadi mwisho kabla ya nyingine hupindisha kofia (sehemu ya katikati) ya diski, hasa diski nyembamba za pikapu. Hatua hii peke yake humaliza kesi nyingi.
3. Toa diski. Tazama uso wa habu na mgongo wa diski: kutu, chembe za mchanga, rangi iliyochuruzika, ukingo uliovimba kwa kugongwa. Safisha hadi chuma kitupu, na pita pia kuzunguka shina la kila stadi, mahali ambapo brashi kubwa haifiki na ambapo kutu hujificha.

Uchafu mwembamba una madhara makubwa kuliko ukubwa wake kwa sababu diski ni pana. Chembe ya unene wa karatasi karibu na katikati huongezeka kadiri unavyoelekea ukingoni, na pedi zinafanya kazi ukingoni.

Kama bado, pima. Funga diski kwa nati zote, ukiweka washa bapa chini yake kama nati ni za koni, na ukaze sawasawa hadi diski isicheze. Simamisha stendi ya geji kwenye nako, si kwenye bati la kinga, na ncha ya geji iguse diski kama milimita 10 kutoka ukingoni. Zungusha mzunguko mmoja mzima taratibu na usome tofauti kati ya namba ya juu kabisa na ya chini kabisa. Kwenye habu ya beringi za koni, sukuma habu ndani kwa mkono muda wote unapozungusha. Usipofanya hivyo geji itasoma mchezo (ulegevu) wa beringi na wewe utaulaumu uso wa diski.

Hadi milimita 0.05 ni salama kwa magari mengi. Ikizidi 0.10, mtetemo utakuja hata kama leo haupo. Kati ya hapo, fuata kikomo cha kitabu.

Kipimo kikizidi, piga alama ya chaki kwenye sehemu ya juu kabisa ya diski na kwenye stadi iliyo karibu nayo. Toa diski, igeuze tundu moja mbele, funga, pima tena. Sehemu ya juu ikihama pamoja na diski, diski ndiyo mbovu. Ikibaki kwenye stadi ile ile, habu ndiyo yenye kasoro au bado ina uchafu. Wakati mwingine kugeuza tu kunatosha: kasoro ndogo ya diski inafuta kasoro ndogo ya habu, na kipimo kinashuka chini ya 0.05. Fungia hapo. Hatimaye pima uso wa habu wenyewe bila diski. Ukiyumba kwa milimita 0.05 au zaidi, hiyo habu haitabeba diski yoyote vizuri.

Jambo moja huchanganya hata mafundi wazoefu. Kutu kati ya habu ya kipande kimoja na nako haifanyi diski iyumbe, kwa kuwa diski inazunguka kwa kufuata mhimili wa beringi, na huo umehama pamoja nayo. Kutu hiyo inailaza diski upande ndani ya kalipa: pedi zinalika kimshazari na pini za kutelezea zinabana. Ukiona pedi nene juu na nyembamba chini, tafuta huko.

Diski iliyokwisha kulika vibaya haiponi kwa kuisafisha nyuma. Kuichonga juu ya gari kwa mashine maalumu ni kazi ya karakana, na unene usishuke chini ya kiwango kilichopigwa muhuri kwenye diski yenyewe. Diski ikiwa na ufa unaofika ukingoni, gari lisitembee.

## Gurudumu linacheza, au habu inachemka

Kwanza jua kinachocheza. Gari likiwa juu ya stendi, shika tairi juu na chini ulisukume na kulivuta. Tairi la lori litikise kwa mtaimbo. Mwambie msaidizi akanyage breki, kisha rudia. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, ni bol jointi au kingpini (viungo ambavyo nako hugeukia), na habu mpya haihusiki.

Kwa joto, tembeza gari kama kilomita 15 bila kutumia breki kwa nguvu, kisha pima kwa kipimajoto cha mwanga, upande huu na upande wa pili wa ekseli ile ile. Usiguse kwa kiganja. Diski ikiwa ya moto kuliko katikati ya habu, breki inashika, yaani haiachii. Katikati ya habu ikiwa ya moto na diski imepoa, ni beringi.

Kwenye habu ya beringi za koni vyanzo huja hivi: kukazwa kupita kiasi, vikombe (pete za nje za beringi) visivyofika mwisho, grisi nyingi mno au isiyopatana, na mwisho kabisa beringi mbovu.

Kukazwa kupita kiasi ndiko kunaongoza, kwa sababu habu iliyokazwa inaonekana imara ukiitikisa. Ikipata joto chuma kinatanuka, rola zinabanwa zaidi, grisi inayeyuka na kukimbia, na kinachobaki ni chuma kwa chuma. Kwenye pikapu nyingi, kaza nati hadi kama Nm (nyutoni-mita, kipimo cha toki) 30 huku ukizungusha habu kwa mkono mizunguko kadhaa ili rola zijipange, legeza kabisa, kisha kaza kwa vidole hadi mchezo uishe tu. Tundu la pini lisipolingana, rudi nyuma hadi tundu linalofuata, usisonge mbele. Kwenye ekseli nzito za lori utaratibu unaotumika sana ni huu: Nm 270 huku habu ikizunguka, legeza mzunguko mmoja kamili, kaza tena Nm 68 huku ikizunguka, kisha legeza kati ya sehemu moja ya sita na nusu ya mzunguko kulingana na ekseli na idadi ya hesi (mistari ya kuzungushia nati). Funga washa na nati ya kufungia, halafu pima mchezo wa kuingia na kutoka kwa geji ya saa: uwe kati ya milimita 0.025 na 0.125.

Upime *baada* ya kufunga nati ya nje. Nati hiyo inavuta hesi na kubadilisha mchezo uliokuwa umeupata, na hapo ndipo kazi nzuri huharibika dakika ya mwisho. Baadhi ya ekseli za magari ya magurudumu manne hazitaki mchezo, zinataka beringi ibanwe kidogo, na mbano huo hupimwa kwa mizani ya springi inayovutwa kwenye stadi. Huo usiukisie.

Habu ikilegea yenyewe baada ya kilomita chache, kikombe hakikufika mwisho. Kilisimama juu ya ukingo wa chuma, rangi au grisi iliyonaswa nyuma yake, na mzigo wa barabara ukakimalizia kukiingiza. Toa habu, jaribu kupitisha fila geji ya milimita 0.05 kati ya kikombe na bega lake. Ikipita popote, kikombe hakijakaa. Kigonge kwa kipande cha shaba au kwa kikombe cha zamani, kwa kuzunguka, na usikilize: mlio wa nyundo hubadilika kuwa mkavu na mzito kikigusa bega. Kikombe na koni (pete ya ndani yenye rola) hubadilishwa pamoja, kwa sababu koni mpya kwenye kikombe cha zamani itakula njia ya mwenzake.

Grisi iingizwe kati ya rola hadi itokee upande wa pili, na uwazi wa ndani ya habu ujazwe kiasi cha theluthi tu. Ikijazwa yote inakorogwa, inachemka na kusukuma sili (pete inayozuia grisi isivuje) nje. Ya zamani ioshwe yote, kwani grisi ya lithiamu na ya udongo au poliurea zikichanganywa zinaweza kulainika na kutiririka. Habu ya lori inayotumia mafuta badala ya grisi ijazwe hadi alama ya kioo cha kifuniko, isubiriwe mafuta yashuke ndani, kisha iongezwe.

Habu ya kipande kimoja haina cha kurekebisha. Ikicheza ikiwa mpya, nati ya ekseli haijafikia toki yake, ambayo kwa kawaida ni kati ya Nm 200 na 350. Tumia nati mpya, kaza gurudumu likiwa halina uzito, na usilisogeze gari kabla ya hapo: nati ndiyo inayobana nusu mbili za beringi, na uzito wa gari ukiiangukia ikiwa legevu mipira inachimba vishimo.

Acha kazi uite fundi: moshi au harufu ya chuma kilichoungua kwenye habu, ncha ya ekseli iliyogeuka rangi ya buluu au yenye mchirizi unaonasa ukucha, hesi za ekseli zilizoliwa, mchezo unaorudi baada ya kurekebisha mara ya pili. Gari la namna hiyo livutwe, lisiendeshwe. Habu iliyoshikana inaweza kuondoka na gurudumu lake.

## Mngurumo unaopanda na mwendo

Anza na tairi. Pitisha kiganja juu yake mbele na nyuma. Meno yaliyolika kimshazari hunguruma karibu sawa na beringi. Hamisha tairi za mbele nyuma ujaribu tena. Mngurumo ukibaki palepale, yumbisha gari taratibu kwenye barabara pana tupu: ukikata kushoto uzito unahamia kulia, na beringi mbovu ya kulia itapiga kelele zaidi.

Kwenye habu mpya ya kipande kimoja, mngurumo wa siku ya kwanza maana yake iligongwa, au kwenye zile za kushindilia kwa presi, nguvu ilipita kwenye mipira. Beringi ikisukumwa kuingia kwenye nako, nguvu ipite pete ya nje. Habu ikisukumwa kuingia kwenye beringi, pete ya ndani iegemezwe. Haina tiba. Badilisha.

## Kukwaruza na kupiga filimbi

Mkwaruzo mwembamba unaofuata mzunguko wa gurudumu karibu kila mara ni bati la kinga lililopindwa wakati wa kupambana na diski ya zamani. Lirudishe kwa mkono hadi lipishe diski pande zote. Likiwa salama, angalia kijiwe kilichonasa, kisha pedi: bati la onyo la kulika lililowekwa upande usio wake hugusa diski mpya mapema. Filimbi ya siku za kwanza ni ya kawaida kama pedi hazijazoeshwa. Fanya vituo kama kumi vya wastani kutoka kilomita 50 kwa saa bila kusimama kabisa, ukiacha nusu dakika ya kupoa kati ya kimoja na kingine, na usiegeshe huku umekanyaga breki zikiwa za moto. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma hauzoeshwi. Simama.

## Pedali imeshuka au ni laini

Ulirudisha pistoni ndani ili kupitisha diski mpya, hivyo mkanyago wa kwanza hauna kitu cha kusukuma. Usilisogeze gari hata hatua moja kabla ya kukanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu.

Ikiwa ngumu gari limesimama lakini inashuka baada ya kona au barabara ya mashimo, rudi kwenye beringi. Habu inayocheza huacha diski iyumbe, diski inasukuma pedi mbali, na mkanyago unaofuata unatumika kuzirudisha. Watu humwaga lita za mafuta ya breki wakitafuta upepo ambao haumo.

Ikiwa laini kama sponji, kuna upepo. Tazama nipeli ya kutolea upepo: iwe juu ya kalipa. Ikiwa chini, kalipa ya kushoto imefungwa kulia na hutaupata upepo ule hata ukitoa siku nzima. Kisha angalia washa za shaba za hosi, ambazo huwa mpya kila zinapofunguliwa. Pedali inayozama polepole huku mguu umeikanyaga bila kuvuja popote ni masta silinda (pampu kuu ya breki), na pedali inayofika sakafuni ni mwisho wa safari hadi fundi aione.

## Breki inashika, au gari linavuta upande

Vyanzo vya kawaida ni pini za kutelezea zilizokauka au kubadilishana nafasi (mara nyingi moja ina kipande cha mpira na nyingine haina), klipu za pedi zilizokaa juu ya kutu, hosi iliyojisokota wakati wa kurudisha kalipa, na alama za vidole vyenye grisi kwenye diski. Ya mwisho hulifanya gari livute upande *usio* na grisi. Hosi ijaribu hivi: breki ikishika, fungua nipeli kidogo, gurudumu likiachia na mafuta yakaruka, shinikizo lilikuwa limenaswa, na mkosaji ni hosi iliyovimba ndani au kitu kilichoko juu yake.

Kwenye breki za diski za upepo, pima uwazi kati ya pedi na kalipa baada ya kurekebisha. Nyingi hutaka jumla ya takriban milimita 0.6 hadi 1.1. Kirekebishi huzungushwa kwa spana ya mkono peke yake, kamwe si kwa mashine ya upepo, kwa kuwa ndani kina sehemu inayokatika kirahisi.

## Taa ya ABS imewaka

Plagi isiyofunga na waya ulionaswa kwenye mkono wa saspensheni ndivyo vinavyoongoza. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili ukitazama waya.

Kwenye malori, sensa hushikwa na bushi ya springi. Isukume kwa mkono hadi iguse pete ya meno. Gurudumu likizunguka litaipa nafasi yake lenyewe. Taa ikirudi baada ya siku chache, habu inacheza na kuirudisha sensa nyuma. Sensa ya sumaku isiyotumia umeme wa nje inapaswa kutoa walau voliti 0.2 za AC ukizungusha gurudumu nusu mzunguko kwa sekunde.

Kwenye pikapu zenye beringi ya kushindilia, sumaku imo kwenye sili ya upande mmoja tu. Beringi ikigeuzwa, gari linatembea vizuri kabisa ila ABS haioni kitu, na kuitoa kwa presi ndiko kuiharibu. Hakiki kabla ya kushindilia, na usiweke beringi hiyo karibu na sumaku yoyote.

## Nati zinalegea au stadi inakatika

Chuma kikilala juu ya chuma, nati haina sababu ya kulegea. Ikilegea, kuna kitu laini katikati: rangi nene, kutu, au plastiki ya kifungashio. Chanzo cha pili ni nati isiyo ya rimu ile. Nati ya koni kwenye tundu bapa hushika ukingo tu. Cha tatu ni urefu wa stadi: rimu za aluminiamu ni nene, na stadi za rimu za chuma huacha nati imeshika hesi chache.

Nati bapa za M22 za lori huwa kati ya Nm 600 na 680, pikapu kati ya 100 na 200. Nati za koni za pikapu zifungwe kavu. Nati za lori za vipande viwili hutaka matone mawili ya mafuta ya injini kwenye hesi na moja kati ya nati na sahani yake, uso wa habu na rimu ubaki mkavu. Rudia toki baada ya kilomita 50 hadi 100, habu ikiwa imepoa.

Stadi moja ikikatika, badilisha na jirani zake wawili, kwa sababu walibeba mzigo wake. Zikikatika mbili, badilisha zote za gurudumu lile. Ufa kutoka tundu la stadi kwenye habu hauchomelewi.

## Grisi au mafuta yanatoka nyuma ya habu

Mdomo wa sili wenye springi uelekee kwenye grisi. Ukigeuzwa, habu inaanza kulia machozi ndani ya siku moja. Kama uelekeo ni sahihi, tafuta mchirizi pale mdomo unapokalia ekseli. Usipoufuta kwa msasa laini, sili mpya itakatwa pale pale. Sili hushindiliwa kwa kifaa bapa hadi ilingane pande zote. Iliyogongwa kwa bisibisi upande mmoja tayari inavuja. Diski iliyochafuka huoshwa kwa spreyi ya breki ikarudishwa. Pedi zilizolowa hutupwa, pamoja na za upande wa pili wa ekseli hiyo.